Ubovu Uliojificha Nyuma ya Rejeta

Haikuwa zamani, wala haikuwa kale. Ilikuwa miaka michache tu nyuma, mvua za vuli zikisitasita, katika nchi yetu ambayo jina lake sitalitaja kwa kuwa hivi sasa limepelekwa kwenye ukaguzi. Likirudi salama nitawaambieni.

Nchi yetu ni nzuri. Nalisema hili mapema ili nisieleweke vibaya. Ina milima, ina barabara, na kila barabara ina lango la mapambo la kuwapokea wageni wakubwa. Lango la mji wetu liliandikwa KARIBU SANA kwa herufi za chuma, kila herufi na kimo cha mtu mzima. Zilifungwa kwa waya, maana bolti zake zilikuwa bado zinakaguliwa. Basi siku moja upepo ulivuma, upepo wa kawaida tu, si wa kulaumiwa, na herufi K ikang'oka ikaliangukia gari la Bi. Siwatu mkunga, aliyekuwa amesimama chini yake akimpisha ng'ombe.

Hakuumia mtu. Ng'ombe aliendelea na safari yake. Lakini boneti lilibonyea kama sufuria iliyokaliwa, na tangu siku ile lango letu linasomeka ARIBU SANA. Watu wa mwambao, ambao hawaihangaikii sana herufi H, hulisoma wakaangua kicheko. Sisi wengine tumeelekezwa tusilisome mpaka K irudi.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya mtindi, na ndilo pekee lililokuwa likiwateremsha wazazi kutoka vijiji vya mlimani hadi hospitali ya mjini. Mwenyewe Bi. Siwatu alikuwa na haraka nalo kuliko wakati wowote, kwa sababu mkamwana wake, Mwantumu, alikuwa mjamzito na tumbo lilikwisha kushuka. Miaka miwili kabla ya hapo Mwantumu alishikwa na uchungu mlimani gari likiwa safarini, akajifungulia njiani, na mtoto hakukaa. Bi. Siwatu aliapa kwamba huyu wa sasa atazaliwa chini ya dari, mbele ya daktari, hata kama itabidi mlima ndio usogezwe.

Ndiyo maana siku ileile ya ajali alilivuta gari mpaka gereji kwa Fundi Mkude, akaiarifu bima, na bima ikamwita Jicho.

*

Jicho ni Mkaguzi wa Serikali. Wetu anaitwa Bwana Darubini. Ni mtu mpole, mwenye miwani minene na kikasha cha miwani kinachofungwa kwa mlio, *tap!* Alilizunguka gari mara moja, mikono mgongoni.

"Boneti," alisema. "Na taa moja."

Akavua miwani, akaiweka kikashani. *Tap!*

"Jicho limeona!"

"Limeona yote!" tukaitikia sote, kama ilivyo desturi.

Hiyo ndiyo Kanuni ya Jicho la Kwanza, nguzo ya taifa letu. Kilichoonwa na Jicho la Kwanza kipo. Kisichoonwa hakipo. Kanuni hii imetupunguzia matatizo mengi sana. Shule isiyo na madawati, kwa mfano, inatatizika pale tu Jicho linapoingia darasani, na Jicho kwa hekima yake huishia ofisini kwa mwalimu mkuu, penye viti.

Wasiwasi hutokea gereji. Mafundi wana tabia ya kufungua vitu. Fundi Mkude alifungua boneti, akatoa rejeta ili ainyooshe, akainama. Kisha akaangusha spana chini, akanyoosha mikono juu kama sheria inavyotaka, akapiga ukelele:

"Ziada! Tai rodi imepinda! Bwana mkubwa, kuna ubovu mwingine umejificha huku nyuma ya rejeta!"

Bwana Darubini, aliyekuwa ameshafika getini, aligeuka taratibu. Hakumtazama Fundi Mkude. Alinitazama mimi.

"Binti, amesema *ume* nini?"

*

Mimi ni Afisa Msaidizi wa Viambishi. Nilisomea lugha chuoni, na nilipomaliza Serikali ilinionea huruma ikaniajiri. Kazi yangu ni kusimama nyuma ya mkaguzi na kusikiliza fundi ametumia kiambishi gani. Ni kazi ya heshima, na haihitaji mtu mwenye sauti kubwa.

Fundi akisema ubovu *umefichika*, hiyo ni bahati mbaya tu: bima inakubali, chuma kinabadilishwa, watu wanakwenda zao. Akisema *umefichwa*, basi yupo aliyeuficha, na kwa kawaida ni mwenye gari, naye hukamatwa. Akisema *umejificha*, maana yake ubovu wenyewe, kwa akili zake timamu, uliliona Jicho likija ukajibanza. Hapo hukamatwa ubovu.

Tatizo ni kwamba katika nchi nzima hakuna fundi anayesema umefichika. Wote husema umejificha, kama mama zao walivyosema juu ya kijiko kilichopotea na juu ya jua lililoingia mawinguni.

"Amesema umejificha, mheshimiwa," nilijibu, nikitazama viatu vyangu. "Lakini nadhani alikusudia..."

"Hatukaguli makusudio," alisema Bwana Darubini kwa upole.

Askari wawili walikuja na pingu. Tai rodi ikafunguliwa kutoka kwenye gari, ikaulizwa jina la baba yake. Ikanyamaza. Ukimya wake ukahesabiwa kuwa kiburi.

"Afande," alisema Fundi Mkude, "hicho ni chuma."

"Wangapi tumewashika wakajifanya chuma?" alijibu askari, akaipakia.

Gari likabaki juu ya jeki bila tai rodi. Gari lisilo na tai rodi, nilielezwa, unaweza kuzungusha usukani wake mpaka Idi, na tairi zikaendelea kutazama zinakotaka zenyewe.

*

Kamati ya Ziada, inayoamua juu ya kila ubovu ulioonekana baada ya Jicho, hukutana Alhamisi. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa. Usiku kucha nilikuwa nimerudia sentensi moja tu: *Ndugu Mwenyekiti, naomba kiambishi kibadilishwe kisomeke umefichika.* Nilivuta uzi mmoja wa sweta langu mpaka kiwiko kikatokeza.

Mwenyekiti alikuwa amesimama, kidole juu.

"Ndugu wajumbe! Leo ni tai rodi. Kesho ni nini? Tukiuruhusu ubovu uonekane kabla haujaonwa, Jicho litabaki na kazi gani? Nawaambieni, tusipokuwa macho, ipo siku tutafungua boneti tukute nchi, samahani, tukute gari zima ni ubovu!"

Makofi yalipigwa hadi vikombe vikatikisika. Yalipotulia nikanyoosha mkono.

"Umefichika," nilisema. Sentensi iliyobaki ilikuwa imekimbia.

"Binti anasema nini?"

"Anasema kumefifia," alisema mjumbe wa kushoto.

"Ni kweli, humu mna giza. Washeni taa."

Taa zikawashwa. Nikashukuriwa kwa mchango wangu. Maandazi yakaletwa.

Kamati iliamua kwamba tai rodi iendelee kushikiliwa mpaka itaje aliyeituma. Mjumbe mmoja, mzee wa huruma, aliuliza kama gari haliwezi kutiwa tai rodi nyingine wakati hiyo ikihojiwa. Mwenyekiti alishtuka.

"Nafasi yake haijatangazwa kuwa wazi!" alisema, na wajumbe wote, kila mmoja akiwa na nafasi yake, wakaona ukubwa wa hatari hiyo.

*

Siku zile nilitumwa gereji kila asubuhi, endapo ubovu mwingine ungejitokeza na kiambishi kipya. Gereji ya Fundi Mkude ilijaa magari ya Ziada. Lilikuwepo basi la shule ambalo maharage yalikuwa yamepanda hadi kwenye kioo, na fundi alichuma humo mboga za mchana. Lilikuwepo pia gari jingine la rangi ya mtindi, pacha wa lile la Bi. Siwatu, lenye kuku wawili wanaotaga kiti cha nyuma.

Bi. Siwatu alikuwa haketi. Alizunguka gari, akapiga teke tairi, akazunguka tena.

"Mkude mwanangu, tia chuma kingine hapo, nimshushe mkamwana wangu hospitali."

"Mama, nikitia nitafungwa. Nina mke mimi."

"Na huyo mkeo alizalishwa na nani?"

Fundi alijifanya anatafuta spana.

"Nakuuliza."

"Na wewe, mama."

"Wote wanne?"

"Wote wanne, mama."

"Haya. Tafuta spana yako."

Mwantumu mwenyewe alikuwa ameteremshwa kutoka mlimani kwa machela, kwa hoja ya mkwewe kwamba kama gari haliendi kwa mzazi, mzazi atakwenda kwa gari. Alikuwa akikaa kiti cha nyuma, mlango wazi, miguu nje, akijipepea kwa kifuniko cha ndoo. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto, mbali kwa mtu wa hali yake, wabeba machela walikwisha kurudi mlimani, na wenye magari mazima waliogopa kumpakia mtu aliyehusika na tai rodi.

"Dada wa viambishi," aliniita siku moja, "hebu niambie. Tumbo langu hili limefichika au limejificha?"

"Limeonekana, dada," nilisema.

Akacheka mpaka akashika mlango. "Kliniki waliliangalia mara moja tu. Wakasema, mtoto mmoja, Jicho limeona. Nikawaambia, mbona napigwa mateke huku na huku kwa wakati mmoja? Wakaniambia nisiwe mchochezi."

Kisha akalishika tumbo kwa mikono yote miwili, akatazama barabara.

*

Siku ya Mgeni Mkubwa barabara zote zilifungwa asubuhi na mapema. Lango lilifunikwa shuka ili Mgeni asilisome. Ilitangazwa kwamba gari halitapita isipokuwa lile ambalo mkaguzi atalisemea kwa kinywa chake.

Bwana Darubini alifika gereji kwa Ukaguzi wa Marudio, ambao ni wa kuhakikisha kwamba hakuna kilichoonekana tangu mara ya mwisho. Alikuta kanga tatu zimefungwa kuzunguka gari, Fundi Mkude ameuelekeza uso ukutani, na nyuma ya kanga sauti ya Bi. Siwatu ikisema, "Usisukume bado. Pumua. Pumua, mama."

"Kuna nini?" aliuliza.

"Uchungu, mheshimiwa," nilimwambia.

"Uchungu? Humu? Haukutajwa." Alipapasa mifuko yake. "Mwambieni asubiri. Kamati inakaa Alhamisi."

"Mwambie mwenyewe huyu anayekuja!" Bi. Siwatu alimjibu kutoka ndani. "Mimi hanisikilizi!"

Bwana Darubini alianza kutembea. Fundi naye akaanza kutembea, kinyumenyume, ili asigeuke. Mimi nilitembea katikati yao. Kuku walitoka garini wakatembea pia. Kisha kukasikika kilio chembamba, kikali, chenye malalamiko mengi, na sote tukasimama.

"Wa kike!" alisema Bi. Siwatu. "Mzima!"

Akanipitishia mtoto chini ya kanga, amefungwa kwenye kitambaa, mwekundu na mwenye hasira. Fundi Mkude alilia bila kugeuka. Bwana Darubini alifuta miwani yake, akaivaa, akaivua, akaifuta tena. Nilidhani mambo yamekwisha, nikaanza kutabasamu.

"Tulieni," alisema Bi. Siwatu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kuna mwingine."

Spana ilianguka. Nadhani ni mazoea tu, maskini. Fundi Mkude alikuwa amenyoosha mikono yote juu.

"Ziada!"

"Mtu asiguse!" Bwana Darubini naye aliitikia, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe. Akanigeukia. Jasho lilikuwa likimtoka. "Binti. Huyu naye... amejificha, amefichwa, au amefichika?"

Kanga ilifunguka kidogo, uso wa Bi. Siwatu ukatokeza.

"Anasubiri zamu, baba," alisema. "Kama sisi wote humu. Ila yeye amekingama tumboni, na mikono yangu peke yake haimtoshi. Anataka daktari. Tukikaa hapa tukichagua maneno, jioni tutachimba kaburi la watu wawili."

Ndani, Mwantumu alisema kitu. Alikuwa na sauti ndogo kama yangu, tukalazimika kusogea.

"Bwana Mkaguzi. Mmoja nilimwacha njiani mwaka juzi. Nakuomba."

Bwana Darubini alitazama gari juu ya jeki. Alitazama lile pacha lake lenye kuku, ambalo tai rodi yake ilikuwa nzima kabisa, kila mtu alijua. Alikuwa mtu mwema aliyefundishwa kanuni moja tu.

Mtoto alikuwa akinipiga teke kifuani. Sijui kama ndiye aliyenisukuma. Nilisema, na wakasikia wote:

"Mheshimiwa, Kanuni inasema kisichoonwa hakipo."

Alinitazama. Kisha akavua miwani, akaiweka kikashani. *Tap!* Akageukia ukuta, akafumba macho, akayafunika kwa viganja.

"Sioni kitu," alisema.

Fundi Mkude alikuwa ameshaingia chini ya gari la kuku. Aliichomoa tai rodi yake, akahamia nayo chini ya gari la Bi. Siwatu; nilisikia spana zikilia, chuma kikigonga chuma, matusi yasiyofaa mbele ya mtoto mchanga.

"Tayari?" aliuliza Bwana Darubini, uso ukutani.

"Bado!"

Ndani ya kanga Mwantumu aliguna. Bi. Siwatu alimwimbia kitu cha chinichini.

"Tayari?"

"Bado! Usifumbue!"

"Sifumbui! Fanya haraka, bwana, macho yanawasha!"

"Tayari?"

Jeki ilishuka kwa kishindo. "Tayari! Lakini usifumbue!"

*

Tulimwongoza kwa mkono hadi kiti cha mbele. Fundi Mkude alishika usukani, mimi na mtoto tukabanwa nyuma pamoja na Mwantumu na Bi. Siwatu, boneti likiwa limefungwa kwa kamba ya katani. Kwenye kizuizi cha daraja askari alituinulia mkono. Alikuwa mmoja wa wale wawili waliokamata tai rodi. Aliinama dirishani akamwona Bwana Darubini amekaa wima, macho yamefumbwa, kama mtu anayeombea taifa.

"Shikamoo mheshimiwa. Gari hili umelikagua?"

"Marahaba. Sioni ubovu wowote."

"Hata boneti?"

"Sioni boneti."

"Na hizi kelele za huko nyuma?"

"Kijana," alisema Bwana Darubini, "mimi nikiwa hapa nilipo, sioni hata wewe."

Askari alipiga saluti mpaka kofia ikamtoka.

Hospitali ilimpokea Mwantumu mlangoni, na kabla ya Mgeni Mkubwa hajafika langoni, mtoto wa pili alikuwa ametolewa: wa kike, mdogo, amechelewa na amenuna. Mama yao aliwashika wote wawili, akawa anawatazama mmoja mmoja, huyu, yule, huyu tena, kama anayeogopa kwamba akipumzisha macho mmoja ataondoka. Waliitwa kama mapacha wanavyoitwa. Wa kwanza Kurwa, wa pili Doto.

*

Mengine ni ya kawaida. Bwana Darubini hakuweza kufumbua macho mbele ya gari lile, maana angeona tai rodi ambayo nafasi yake haijatangazwa kuwa wazi, na angelazimika kusema. Habari zikafika makao makuu kwamba kuna mkaguzi ambaye, hata umwekee kitu mbele ya pua, haoni ubovu wowote. Wakubwa walifurahi sana. Walisema wamemtafuta mtu wa namna hiyo kwa muda mrefu, wakampandisha cheo. Sasa ni Mkaguzi Mkuu.

Tai rodi bado iko ndani. Imeota kutu, na mwendesha mashtaka anasema hiyo ni dalili ya majuto. Lango bado linasomeka vilevile. Bi. Siwatu anaendelea kuteremsha wazazi, na kila anapopita kizuizini askari hupiga saluti, kwa kuwa gari hilo halijaonekana.

Kurwa anatambulika na Serikali. Doto, kwa kuwa hakuonwa na Jicho la Kwanza, yuko kwenye Ziada. Kila Alhamisi naipelekea Kamati ombi lake, na siku hizi nalisema kwa sauti, na taa zote zikiwa zimewashwa. Lakini wajumbe bado hawajakubaliana kiambishi. Mwenyewe Doto hana habari. Ameshajua kukimbia, na anakimbia tangu kunapokucha.

Ijumaa jioni gari jeusi la Mkaguzi Mkuu husimama nyumbani kwa Bi. Siwatu. Mzee hushuka akiwa ameshafumba macho, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, mkononi ana mfuko wenye ndizi mbivu. Si ruhusa amwone Doto. Akimwona tu, itambidi amripoti. Kwa hiyo husimama ukumbini, uso ukutani, viganja machoni, na nyumba nzima husikia miguu midogo ikihangaika kutafuta mahali: nyuma ya mtungi, chini ya kitanda, ndani ya kanga ya bibi.

"Tayari?" huuliza Mkaguzi Mkuu wa Serikali.

Na kutoka mahali fulani, kwa furaha isiyoweza kukaa kimya, sauti hujibu:

"Bado!"